Mama Mzee na Kitabu Chenye Milango Michache

Jina la Mama Mzee alilipata Ijumaa yake ya kwanza kusali na sisi. Miaka ile wageni wengi wa Dubai tulisali Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku tuliyopewa kupumzika, na sisi Wamormoni tulikutana katika jengo la kukodi: Wafilipino, Wamarekani, Waganda, Wakenya, na Watanzania wachache, nikiwemo mimi wa Mwanza. Ibada ya pamoja ilipokwisha, ndugu mmoja akatangaza kama kawaida kwamba wazee wabaki ukumbini na akina mama waende chumba cha pili. Kwetu "mzee" ni daraja la ukuhani. Hupewa wanaume tu, na hata kijana asiye na ndevu aweza kuitwa mzee. Akina mama tukainuka. Yeye akabaki ameketi, mkoba mapajani.

Nilimgusa bega nikidhani hakusikia.

"Nimesikia," akasema. "Si amesema wazee? Mimi ni mzee. Niliwekewa mikono mbele ya kanisa zima."

Wanaume wakatazamana. Mmoja alianza kueleza kitu kwa Kiingereza, akaishia njiani. Mama yule akawaangalia mmoja mmoja, na nadhani aliwahurumia, maana aliinuka taratibu akasema, "Haya, endeleeni, wazee wenzangu," akanifuata kwa akina mama. Tulipofika nyumbani niliwasimulia wenzangu, wakacheka mpaka machozi, naye akacheka nao. Tangu siku hiyo akawa Mama Mzee, na sikumbuki kumsikia mtu akimwita kwa jina lake tena.

Tulikuwa tunaishi wanawake sita chumba kimoja pale Al Muraqqabat, vitanda vya ghorofa vitatu, kila mtu na pazia lake la kujisitiri. Mimi nilikuwa mapokezi katika hoteli ndogo mtaa wa nyuma. Yeye alikuwa fundi wa mapazia Al Quoz, akichukuliwa na basi la kampuni asubuhi mapema na kurudishwa jioni akiwa na nyuzi kwenye sketi. Alipohamia kwetu alipewa kitanda cha chini yangu. Hata hakuwa amemaliza kupanga nguo zake alipoona kitabu kwenye mto wangu, akasema, "Kumbe! Na mimi ni wa hicho."

Sisi tuna Biblia kama Wakristo wengine, na zaidi ya hiyo tuna kitabu kingine, ambacho ndicho kilichotupa jina. Watu wengi hawajui kwamba tumegawanyika. Mimi mwenyewe nilijua kwa mbali tu. Nabii wetu wa kwanza alipouawa huko Marekani, waumini wengi walifuata viongozi waliokwenda magharibi hadi Utah; hao ndio kanisa langu. Wengine walibaki nyuma, na baada ya miaka wakamfanya mwana wa nabii kuwa kiongozi wao. Makao yao yako Missouri. Hao ndio kanisa lake. Ni wachache, lakini wapo magharibi mwa Kenya alikotoka, na kwao wanawake hupewa ukuhani sawa na wanaume. Hapa Dubai alikuwa amewatafuta asimpate hata mmoja.

"Basi nitasali na binamu," aliniambia.

Namkumbuka zaidi kwa namna alivyokipekua kitabu chake. Kilikuwa cha Kiingereza, kidogo, jalada limeshikwa kwa kitambaa cha pazia la kijani. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na darasa letu la Kiswahili, na mwalimu wetu alikuwa ndugu mmoja wa Uganda, mlinzi wa duka kubwa, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Katika somo moja alituomba tufungue sura ya thelathini na mbili ya kile kirefu kuliko vitabu vyote vidogo vilivyomo ndani ya kitabu chetu. Mama Mzee akafungua, akarudi nyuma, akaenda mbele tena.

"Ndugu mwalimu," akasema, "changu kinaishia thelathini."

Tulidhani kurasa zimetoka. Dada aliyekaa karibu akamsogezea nakala yake ya Kiswahili, lakini aliikataa kwa mkono, akamwomba mwalimu asome kidogo. Mwalimu akasoma pale panapofananisha neno na mbegu iliyopandwa moyoni. Mama Mzee alifumba macho akisikiliza, kisha akafungua katikati ya kitabu chake moja kwa moja na kuweka kidole. Lilikuwa pale, katika mlango wa kumi na sita. Yeye alisema "mlango" kama wazee wa makanisa ya zamani, sisi tulisema "sura." Akatusomea akitafsiri papo hapo, na yalikuwa maneno yetu yale yale, mstari baada ya mstari.

"Nyumba ni ile ile," akasema. "Wenzetu wa Utah mmekata milango mingi tu."

Mwalimu hakuwa na hakika. Alikwenda kumwuliza askofu wetu, Mfilipino, mhandisi, na wiki iliyofuata alikuja kutuambia kwamba Mama Mzee alisema kweli: hapo mwanzo sura zilikuwa ndefu na chache, na ni watu wa Utah waliozigawa baadaye, ilhali wa Missouri waliziacha kama zilivyokuwa. Alilisema jambo hilo mbele ya darasa zima bila kuona haya. Tangu hapo akawa na desturi: anataja sura yetu, kisha anamsubiri Mama Mzee apate mlango wake, ndipo anaendelea. Wapo waliochoshwa na kusubiri huko. Mimi nilikupenda.

Sitaki nionekane nasema tofauti zote zilikuwa za namba. Sote tuna pia kitabu cha tatu, cha mafunuo ya manabii wetu, na kwao bado kinaongezewa mafunuo mapya, naye alikuwa amebandika karatasi kadhaa nyuma ya chake kwa gundi. Dada mmoja wa Nairobi alipoziona alimwambia kwamba hizo ni kurasa za watu, si za Mungu. Mama Mzee, ambaye kila siku alituhubiria upole, alimjibu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, akachukua mkoba akaondoka bila kuaga. Ijumaa iliyofuata alirudi na maandazi kwenye bakuli, akampelekea yule dada kwanza kabla ya mtu mwingine. Hakuomba radhi kwa mdomo. Yule dada alikula matatu.

Kwenye sakramenti sisi hutumia maji badala ya divai. Kwao hutumia maji ya zabibu, mara moja kwa mwezi. Nilimwuliza kama hakuona vibaya kupokea kikombe chetu. "Maji au zabibu," akasema, "aliyekufa ni yule yule."

Lakini chai hakuiacha. Kanisa langu linatukataza chai na kahawa, na kanisa lake halimbani mtu hivyo. Kila baada ya ibada alivuka barabara hadi kwenye kibanda cha Mmalayali, Mhindi wa kusini, akaagiza karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, akainywa amesimama nyuma ya kibanda ili tusimwone. Sote tulimwona. Alirudi ananukia iliki, na hakuna aliyesema neno, hata askofu.

Alikuwa na ukaidi mwingine usioeleweka. Aliogopa lifti. Tulikaa ghorofa ya sita, na mwanamke huyu aliyethubutu kukaa na wazee wa kanisa hakuweza kuingia kwenye kile chumba cha chuma. Alipanda ngazi kila jioni baada ya kutwa nzima ya kushona, akipumzika ghorofa ya tatu, kwenye mlango wa bibi mmoja wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana wake. Bibi alimzoea, akawa anamwekea kiti cha plastiki na maji. Siku moja niliwakuta Mama Mzee akimweleza habari za binamu zake wa Utah, na mgawanyiko mzima, nani alirithi uongozi na nani alioa wake wengi, na bibi akisikiliza huku akichambua mchele.

"Mbona hayo madogo, mwanangu," bibi akasema. "Kwetu marehemu bwana alikuwa Mwibadhi, akisali kaachia mikono, miye nafunga. Miaka yote hiyo chumba kimoja, msala mmoja. Alokuwa akitughasi ni jirani tu."

Mama Mzee alilipenda neno hilo. Alilirudia kwa wiki nzima, na kila mara Kiunguja chake kilikuwa kinaharibika zaidi.

Kiswahili chetu pia hakikufanana. Siku ya kwanza nilimwambia shikamoo, akanijibu, "Mzuri sana." Nilipomfundisha kuitikia marahaba aliona ni neno tamu kupita kiasi, akawa analidai. Nikiingia bila kumwamkia alikuwa anakohoa nyuma ya pazia lake mpaka nimwamkie. Ugomvi wake mwingine ulikuwa wa kiyoyozi. Yeye alitaka kizimwe, sisi tulitaka kiwake, na alikuwa akingoja tulale akizime, kisha asubuhi anasema umeme ulikatika. Umeme wa Dubai!

Jambo ambalo wenzetu wa fleti walipenda kumwuliza ni la wake wengi, maana habari hiyo ya Wamormoni imefika kila mahali. Alieleza kwa fahari kwamba watu wake walilikataa jambo hilo tangu mwanzo, na kwamba ndilo mojawapo ya mambo yaliyowatenga na wa Utah, ambao nao waliliacha baadaye. Kisha akaongeza, "Lakini mimi mwenyewe ni mke wa pili." Aliolewa kabla ya kubatizwa, na kanisa lake lilimpokea pamoja na ndoa yake kama alivyokuwa. Mume alikuwa amekwisha kufa. Mke mwenza ndiye aliyekuwa anamlelea watoto wake huko nyumbani, na ndiye aliyempigia simu kuliko mtu yeyote. Walicheka kwa Kiluhya mpaka kitanda changu cha juu kinatikisika. Nilimwuliza kama hawakuwahi kuoneana wivu. Alisema walioneana, wakachoka.

Alipokuwa amesali na sisi kwa muda mrefu, askofu alimwita ofisini kwake. Alikuwa mtu mwema na alizungumza naye kwa heshima. Alimwambia kwamba anapendwa, ila hawezi kuandikwa kuwa mshiriki, wala kupewa kazi yoyote katika kanisa, mpaka abatizwe na sisi, kwa kuwa ubatizo wa kanisa lake hatuutambui. Mimi nilikwenda kama mkalimani, maana Kiingereza alikisoma vizuri lakini hakupenda kukisema. Nilipata shida kuyatafsiri maneno hayo, maana nilikuwa nayaamini, na nilikuwa nampenda.

Mama Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwambie nilibatizwa mtoni, asubuhi, na maji yalikuwa baridi sana. Mwambie bado sijakauka."

Nilitafsiri hivyo hivyo. Askofu aliinamisha kichwa, halafu akampa mkono. Hakumwuliza tena. Naye hakuacha kuja.

Nafika sasa kwenye jambo langu mwenyewe. Nilipata uvimbe kwenye kizazi. Nilikuwa sijaolewa bado, na daktari, mama wa Kihindi asiyezungusha maneno, aliniambia watanipasua kuutoa, na damu ikikataa kukatika itabidi waondoe kizazi chote. Kwetu mgonjwa huomba wazee wawili waje kumpaka mafuta na kumwekea mikono. Nilikuwa nimepangiwa Alhamisi, na ndugu wawili waliahidi kuja siku moja kabla. Halafu hospitali ikaniwahisha hadi Jumanne adhuhuri. Askofu alikuwa safarini. Mwalimu wetu wa darasa alimwomba msimamizi wake ruhusa, akanyimwa. Wengine sikuwapata kwenye simu. Nilikuwa nimelala na gauni la hospitali, nikiogopa kama mtoto, Mama Mzee alipoingia. Alikuwa amemwomba arbab wake, mwenye karakana, ruhusa ya nusu siku, akaja kwa teksi na tepu ya kupimia bado shingoni.

Alivuta kiti akaketi. Akatoa mkobani kichupa kidogo cha marashi kilichonunuliwa Deira, ndani yake mafuta ya zeituni. Alikuwa amekiosha mara nyingi, lakini kilikataa kuacha harufu ya udi.

"Sitakugusa mpaka useme," akaniambia. "Kanisa lako halinitambui kwa kazi hii. Sitaki uingie kwa daktari na moyo wenye hatia."

Nilikuwa nimelelewa katika imani yangu na niliijua vizuri. Mwisho nilimwuliza, itakuwaje kama haihesabiki?

"Basi utakuwa umepakwa mafuta na mama anayekupenda," akasema. "Hiyo haijaua mtu."

Nikasema ndiyo. Alinipaka utosini, akaweka mikono yake yote miwili, mikono migumu yenye alama za sindano, akaomba kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipomwishia akaendelea kwa Kiluhya. Muuguzi alifika na kitanda cha magurudumu, akaona, akasimama mlangoni mpaka Mama Mzee aliposema amina. Sijui aliomba nini katika ile sehemu ya pili. Najua kwamba woga ulinitoka, na kwamba nilipelekwa chumba cha upasuaji nikinuka udi kama bibi harusi.

Nilipozinduka, daktari aliniambia kizazi kipo. Sisemi ni mafuta peke yake. Yule daktari alikuwa hodari na yeye pia namshukuru hadi leo.

Jioni mwalimu alifika mbio na sare yake ya ulinzi, chupa yake ya mafuta mfukoni, akiomba radhi kwa kuchelewa. Nilimwambia nimekwisha kuwekewa mikono, na aliyeniwekea ni nani. Mama Mzee alikuwa pale pale kwenye kiti, anatazama sakafu. Mwalimu alikuwa amekwisha kuitoa chupa yake. Akairudisha mfukoni na kusema, basi yeye ataomba sala ya kushukuru tu. Tuliinamisha vichwa sote watatu.

Habari ilienea, na si kila mtu aliipokea hivyo. Walisema haikuwa baraka bali maombi ya kawaida, na kwamba wageni watachanganya watu. Askofu aliporudi safari alimwomba Mama Mzee, kwa upole wake ule ule, asiwawekee mikono washiriki wetu tena. Safari hii hakunihitaji kutafsiri. Alijibu kwa Kiingereza kwamba nyumba ni yao na ataheshimu. Lakini siku hiyo hakula, na usiku hakuzima kiyoyozi. Nilisikia anageuka kitandani. Nilijua kwamba hatakwenda kusali na sisi tena, na nilijiandaa kumtetea, kugombana, hata kubaki naye nyumbani. Ijumaa nilipoamka alikuwa amekwisha kupiga pasi gauni lake, na langu pia.

"Amka," akasema. "Binamu wanangoja."

Ulipokuja ugonjwa wa korona ibada zilihamia kwenye simu, na kampuni yake ikawahamishia mafundi wote kwenye makazi ya Al Quoz. Tulipigiana simu, halafu zikapungua. Serikali ilipobadilisha siku za mapumziko, siku ya kusali ikawa Jumapili. Mimi nikaolewa na yule mwalimu wa darasa, tukapanga chumba chetu wenyewe, na mwaka jana tukapata binti.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu nilimbeba nikachukua teksi hadi Al Quoz, bila kumwarifu Mama Mzee. Nilimkuta katika karakana ile ile, amevaa miwani minene, sasa msimamizi wa meza ya kukatia, akimkaripia fundi wa Kibangla kwa kupindisha upindo. Aliponiona aliuacha mkasi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ndefu iliyowageuza watu wote. Akamchukua mtoto kabla sijampa, akamtazama usoni kwa muda, na miwani ikaingia ukungu.

Tuliketi kwenye mabunda ya vitambaa. Nilimweleza yote ya miaka ile, na nilipomaliza nikasema kile kilichonipeleka. Nilimwomba amwekee mwanangu mikono. Nilimwambia asiwaze askofu wala mtu yeyote. Mimi ndiye mama na mimi ndiye ninayeomba.

"Hajabarikiwa kanisani?" akauliza.

Nilisema amebarikiwa, na baba yake, mbele ya watu wote, mwezi uliopita.

"Mwalimu mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Basi keshabarikiwa, mwanangu. Unataka nikamwambie Mungu kwamba hakusikia?"

Alimweka mtoto begani, akainuka naye, akaanza kutembea kati ya mapazia yaliyoning'inia, akimwonyesha hariri, akimwonyesha mahameri, akimtajia kila kitambaa kwa jina lake na kumshikisha kwa vidole vyake vidogo. Mafundi waliacha mashine kuwaangalia. Alipofika mwisho wa karakana aligeuka na kuniita kwa sauti, ili nimsikie huko nilikokaa.

"Msalimie baba yake," akasema. "Mwambie alifanya vizuri."